Mwaka Tuliofukiza Mahindi Itigi

Neema alinipigia simu Jumapili, sijavua hata nguo za kanisani, akaniambia baba yake hali tena chakula cha maana na kwamba ananiita. "Anataka kuagana na watu wake, Shangazi. Wale wa ghala la mwanzo kabisa umebaki wewe peke yako. Njoo kabla hajachoka kuongea." Nilimjibu kwamba nitakuja, nikakaa kitandani na mkoba wangu mapajani kama abiria aliyeachwa na basi. Mzee Yohana Ntandu alikuwa mkuu wangu wa kazi katika ghala la nafaka la Itigi, mwaka nilioanza kazi, na nje ya ukoo wangu hakuna mtu niliyempenda kama yeye. Lakini kwa miaka thelathini nilikuwa na neno la kumwambia, na kwa miaka hiyo thelathini nilihakikisha sipiti Itigi. Nikienda Tabora nilizunguka na Nzega. Nikialikwa harusi Manyoni, niliugua. Mtu anayekwepa hakosi sababu, na mimi nilikuwa hodari wa sababu.

Mwaka huo nilioanza kazi ulikuwa mwaka wa njaa, katika miaka ile ya sabini watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, na wengi walikuwa wameacha mashamba ya zamani bila kuwahi kulima mapya. Mvua nayo ikagoma. Mahindi ya njano yalikuja kwa meli kutoka ng'ambo, kisha kwa treni hadi kwetu, na ndani ya magunia walikuwamo wadudu walioshiba kuliko sisi. Kazi yetu ilikuwa kuwaua kabla hawajamaliza chakula cha watu. Tulipanga magunia mpaka karibu na paa, tukayafunika kwa turubai kubwa la plastiki, tukakandamiza pindo zake sakafuni kwa mifuko mirefu ya mchanga tuliyoiita nyoka, kisha tukaingiza gesi kwa mpira kutoka kwenye mtungi wa chuma. Jina lake la kitabuni ni methili bromaidi. Sisi tuliiita gesi, watu wa Itigi waliiita sumu, nao ndio waliokuwa karibu zaidi na ukweli. Haikuwa na rangi wala harufu. Ungeweza kuivuta ukidhani ni hewa ya asubuhi, na kesho yake ukaanza kutetemeka na kuona vitu viwili viwili. Baada ya siku nzima tulifunua turubai, tukafungua milango yote ya ghala, tukaiacha itoke nje iende zake.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimetoka chuoni na cheti kisichokunjwa hata mara moja, nikapewa kazi ya taa. Ilikuwa taa ndogo ya kupimia, yenye kipande cha shaba juu ya mwali wake na mpira mwembamba wa kunusia. Uliingiza ncha ya mpira kati ya magunia, ukasimama mahali penye kiza, ukautazama mwali. Ukibaki na rangi yake ya kawaida, gesi imetoka. Ukigeuka kijani, bado ipo. Ukigeuka kijani kizito kinachoelekea bluu, ulitakiwa kukimbia kwanza, maelezo baadaye. "Wewe ndiye macho," Mzee Ntandu aliniambia siku ya kwanza. "Sisi wengine wote humu ni mikono tu." Alikuwa hajafika miaka thelathini na mitano, Mnyaturu wa upande wa Ikungi, mrefu, lakini wote tulimwita Mzee kwa sababu ya cheo chake na kwa sababu hakuwa mtu wa haraka.

Chumba changu kilikuwa kwa Mama Asha, mjane wa mfanyakazi wa reli. Kilikuwa na kitanda cha kamba, ndoo, jiko la mafuta ya taa na dirisha moja la ubao lililofunguka kuelekea vichaka. Kuta za nyumba ile hazikufika kwenye paa, kwa hiyo kila kilichosemwa uani nilikisikia kama nimealikwa. Jioni za mwanzo wanawake waliokuja kusuka ukili walinizungumzia bila kushusha sauti. "Yule binti analala na kifo," alisema mmoja. "Na nguo zake anafulia bomba lile lile letu." Mwingine akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," wakacheka. Kisha mama mmoja mtu mzima akasema bila kucheka kwamba tumbo langu litakauka, na nani ataoa mti mkavu. Mama Asha alinitetea kwa namna yake. "Mtoto ana adabu, shikamoo yake haikosi," alisema. "Lakini sahani yake nimeiweka mbali." Kweli aliiweka mbali, sahani ya bati yenye maua mekundu, kwenye rafu peke yake, na kikombe chake. Leo siwalaumu. Walikuwa wanaogopa kitu kisichoonekana, na mtu mwenye watoto ana haki ya kuogopa kisichoonekana. Lakini wakati ule niliwachukia wote, mmoja mmoja, kwa majina. Siku ya maulidi waliniletea pilau mlangoni, imefunikwa vizuri kwa kawa, nikaila nimefunga mlango huku nikilia. Pilau ilikuwa tamu sana, hilo nalo likanikera.

Basi nikazoea kwenda stesheni. Treni ya jioni ilipokaribia nilisimama pale na gauni langu safi kama mtu anayepokea mgeni, nikawatazama abiria wakinunua asali na kuku wa kuchoma kupitia madirishani, wakipigana vikumbo, wakiitana majina. Ilinitosha kusimama katikati ya watu wasiojua kazi yangu. Mara moja mama mmoja mgeni alinipa mtoto wake nimshikie ashushe mizigo, nikamshika kwa hofu kana kwamba nimeiba. Nilipofika mara ya nne au ya tano, mkuu wa stesheni aliniuliza kwa upole, "Mgeni wako huyu hafiki tu, binti?" Nikamwambia labda kesho.

Mtu pekee aliyekula na mimi mwaka ule alikuwa Mzee Ntandu. Mchana mkewe alileta ugali wa mtama na mlenda, nasi tulikaa upande wa ghala usio na jua. Alinawa kwa sabuni mara mbili, mpaka viwikoni, akahakikisha nami nimenawa vivyo hivyo, kisha akasukuma bakuli katikati yetu. Siku ya kwanza nilisita, nikasema nitasubiri nile baadaye. Akanitazama kama mtu aliyesikia upuuzi. "Kula, mwanangu. Kama nitakufa kwa mkono wako, angalau nitakuwa nimeshiba." Na mkewe alipojifungua Neema, Mzee alinichukua mwenyewe hadi nyumbani kwake. Chumba kilikuwa kimejaa wanawake wa mtaa. Mama mzazi alinyoosha mikono akaniwekea mtoto kifuani, mbele yao wote. Sijawahi kusahau uzito wa mtoto yule, kilo zake chache na joto lake.

Ni katika mlo mmoja wa namna hiyo nilipomuuliza. Tulikuwa tumefunua turubai, vijana wa kubeba magunia wamekaa mbali wakisubiri, na upepo unapita ghalani kutoka mlango huu hadi ule. "Mzee, hii gesi inakwenda wapi?" Alimaliza tonge lake kwanza. "Juu," akasema. "Halafu?" "Halafu inaisha. Juu ni kubwa, mwanangu. Kazi yetu sisi ni hapa chini, asidhurike mtu." Jibu lile lilinipendeza mno. Lilikuwa na nafasi ndani yake, na mimi niliyekuwa nabanwa kila upande nilifurahi kusikia kwamba kuna mahali pakubwa kiasi hicho.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ilikuja wakati njaa imekaza, kabla ya mavuno. Viongozi walikuwa wamewatangazia watu wa vijiji vipya kwamba mahindi yatagawiwa asubuhi, na watu walianza kufika jua halijachomoza, na madebe, na vikapu, na watoto mgongoni. Wengine walikuwa wametembea tangu jana yake. Lakini upepo ulikuwa umekufa kabisa. Tulifungua milango na gesi haikutoka, ililala chini kati ya magunia, na taa yangu ilipoinusa mwali ukawa kijani. Mwenyekiti wa kijiji kimojawapo, mtu mwungwana aliyekuwa amechoka, alimfuata Mzee Ntandu mlangoni.

"Mzee, hawa watu wana njaa."

"Naiona, Mwenyekiti. Mahindi hayajawa tayari."

"Mahindi si ugali. Yanakuwaje hayajawa tayari?"

Baadhi ya watu walicheka, kicheko kisichokuwa na furaha. Sauti ikatoka nyuma, "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa!" na nyingine zikaitikia. Mzee Ntandu alichukua gunia tupu, akalitandika kwenye kizingiti, akakaa juu yake, miguu ameinyoosha, mlango mzima ukawa yeye. "Nipigeni," alisema bila kupandisha sauti. "Mkishanipiga mtaingia. Lakini nikiwa mzima hamuingii."

Kila baada ya nusu saa nilivaa barakoa yangu ya kuzuia gesi, nikaingia na taa, nikatoka, nikasema bado. Nilipotoka mara ya tatu, mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alinishika mkono. Mtoto yule hakuwa analia, alikuwa amevuka hatua ya kulia. "Dada," aliniambia, "wewe ni mwanamke mwenzangu. Sema tu imetoka." Miezi mizima nilikuwa nimekaa Itigi bila mwanamke yeyote kuniita mwenzake. Nitasema ukweli: nilitaka kusema imetoka. Nilirudi ndani nikiwa nimekwisha kuamua, nikaingiza mpira kati ya magunia, nikauombea mwali ule kwa jina la Yesu ubaki na rangi yake. Ukabaki kijani, kijani chepesi, cha kuweza kujidanganya. Nilipotoka Mzee Ntandu alinitazama usoni. "Bado," nikasema. Yule mwanamke akatema mate karibu na miguu yangu.

Mzee akainuka, akaweka watu wawili wa mgambo mlangoni, akatuamuru sote sita wa kazi tuvae barakoa. Tuliingia tukavuta turubai mpaka likatoka lote, tukafungua matundu ya juu ya ukuta ambayo hayakuwa yamefunguliwa tangu ghala lijengwe, tukashika magunia matupu tukapepea, tukaifukuza gesi kama watu wanavyofukuza ndege shambani. Jasho lilitujaa ndani ya barakoa tusione mbele. Kwenye saa nane upepo ukaja, ukapita ghalani kwa kishindo, vumbi likaruka. Na sisi tukashangilia. Nakumbuka hilo vizuri kabisa: tulirusha mikono, tukaiambia gesi nenda, nenda juu huko. Nilipima kona zote, mara mbili, na mwali haukubadilika. Watu walipata mahindi yao. Siku tatu zilizofuata Mzee Ntandu alipita zahanati na vijiji vya karibu akiulizia kama kuna aliyeumwa kichwa, aliyetapika, aliyetetemeka. Hakukuwa na hata mmoja. Hakutaka sifa nyingine maishani mwake zaidi ya hiyo. Na mimi, nilipohamishiwa Singida mwaka uliofuata, niliondoka Itigi bila rafiki wa rika langu, bila mchumba, lakini nilikuwa na kitu kimoja cha kujivunia: sikumdhuru mtu.

Kitu hicho nilikaa nacho mpaka mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipopelekwa semina Arusha. Mtaalamu mmoja alichora ubaoni dunia, na juu ya dunia, mbali kuliko mawingu, akachora tabaka jembamba la hewa iitwayo ozoni, linalozuia miale mikali ya jua inayochoma ngozi, inayoleta mtoto wa jicho na kuharibu mimea. Akaeleza habari za gesi za viwandani, zile za majokofu na za makopo ya kupuliza, kwamba mvua haiziyeyushi na hazioozi, hivyo hupanda polepole mpaka kule juu, na jua likizivunja hutoa klorini, na chembe moja ya klorini huivunja ozoni, ikajitoa salama, ikaivunja nyingine, na nyingine, maelfu. Nilimsikiliza kama mtu anavyosikiliza makosa ya jirani. Itigi yetu ilikuwa na majokofu mangapi? Kisha akaandika neno bromini, akasema hiyo ni kali kuliko klorini, na chini yake akaandika jina la gesi ya ghala letu. Kalamu yangu ikasimama. Nilituona sisi sita, ndani ya barakoa, tukirusha mikono na kushangilia.

Nilijifariji, sikatai. Gesi yetu ilikuwa kidogo mbele ya ile ya mataifa yenye viwanda, na hata bahari hutoa sehemu yake. Tundu lenyewe lilifunguka juu ya ncha ya kusini ya dunia, halikufunguka juu ya Itigi. Na bila gesi ile watu wangekula nini mwaka ule? Hayo yote ni kweli na bado nayasema. Lakini wakati huo Mzee Ntandu alikuwa bado kazini. Gesi iliendelea kutumika, habari mpya zilifika maghalani polepole kama treni ya mizigo, na vijana walipelekwa kwake kutoka pande zote wafundishwe kazi, kwa sababu hakuna aliyeijua kumzidi. Nilianza kumwandikia barua mara tatu. Mara zote tatu niliichana. Nilijiambia siwezi kumnyang'anya mtu mwema sifa yake ya pekee. Huo ulikuwa ukweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba alikuwa mtu pekee aliyekula na mimi nilipokuwa natengwa, na niliogopa jicho atakalonitazama nalo. Akastaafu miaka sita baadaye, nikashukuru Mungu, nikadhani neno langu nalo limestaafu.

Nilipofika Itigi baada ya simu ya Neema, nilimkuta Mzee amelala karibu na dirisha, amekonda, blanketi limemzidi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa upande huu, sikio la kule limekufa."

Tukaulizana habari za nyumbani, wazima na wafu. Neema alituletea uji, akasimama mlangoni. Kisha mzee akasema padri atakuja Alhamisi, na kabla hajaja ana jambo la kuniuliza, maana mimi nilisoma mbele. "Ile kazi yetu," alisema. "Nimekaa hapa naipitia, siku moja moja. Kuna mtu tulimdhuru?"

Ingekuwa rahisi sana kusema hapana. Neema alikuwa ananitazama, naye uso wake ulikuwa unaniomba niseme hapana. Nikamweleza baba yake yote, tangu ubao wa Arusha hadi bromini, nikitafuta maneno mepesi. Hakushtuka. Aliuliza kama fundi anavyouliza: inachukua muda gani kufika kule juu, inavunja kiasi gani, na je, lile tundu limeziba. Nikamwambia linaziba polepole, dunia nzima imekubaliana kupunguza gesi hizo, na maghala mengi siku hizi yana njia nyingine. Akatikisa kichwa taratibu. "Basi hatukujua," akasema.

"Hatukujua, Mzee." Nikashusha pumzi. Nilidhani nimemaliza.

"Wewe ulijua lini?"

Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole juu ya blanketi, midomo ikicheza.

"Nilikuwa bado kazini."

"Ndiyo, Mzee."

"Miaka sita."

"Ndiyo."

Hakunifokea. Heri angefoka. Alimwambia Neema alete daftari na kalamu, akanipa mimi, akaanza kutaja majina ya watu aliowafundisha katika miaka hiyo sita, mmoja mmoja, na mahali walipo. Yalikuwa kumi na moja. Wanne alisema wamekufa, niwekee msalaba. Mmoja yuko Kilimatinde, wawili Manyoni, mmoja Iguguno, watatu hajui lakini ndugu zao anawajua. Niliharibu ukurasa mmoja, nikaanza upya. "Utawaendea," akasema. "Mimi miguu sina tena. Niliwafundisha kuiachia, sasa wajue waliachia nini, na wao wawaambie wa kwao."

"Nitawaendea, Mzee. Na unisamehe."

Alifumba macho, Neema akasogea kumfunika, akidhani amesinzia. Kisha mzee akasema, bila kuyafumbua:

"Ukifika kwa mtu, usianze na habari za ozoni. Anza kwa kumwambia kwamba ulijua."